Maswali ya Wasomaji: Glaida Juu ya Milima, Hewa Inapopanda kwa Nguvu

Toleo lililopita tulieleza namna marubani wa glaida, yaani ndege isiyo na injini, wanavyosafiri mamia ya kilomita juu ya bonde la Owens huko California. Magharibi mwa bonde hilo kuna safu ya Sierra Nevada, na mashariki kuna White Mountains. Barua zimekuja nyingi, nasi tumechagua zile zinazouliza mambo ya kutenda.

*Mliandika kwamba marubani wengine huanzia upande wa Sierra kisha mchana huvuka kwenda White Mountains. Kwa nini wasichague upande ulio bora wakabaki huko huko? — Mwanafunzi wa jiografia, Nyeri*

Kwa sababu jua halikai mahali pamoja. Ukuta wa mashariki wa Sierra hupigwa na jua tangu asubuhi, kwa hiyo miamba yake hupata moto mapema na hewa huanza kupanda hapo kwanza. Ikifika saa saba mchana, uso wa magharibi wa White Mountains ndio unaotazamana na jua. Tena mchana upepo wa magharibi hupenya kwenye mapengo ya Sierra na kuporomokea bondeni, na rubani aliyechelewa kuhama hukuta chini ya ukuta ule hewa inashuka tu.

Halafu kuna urefu wa mlima wenyewe. Kilele kikuu cha White Mountains kina mita 4,344, na mji wa Bishop ulio bondeni uko kwenye mita 1,250 hivi. Mteremko wa mita 3,000, mkavu na wenye miti michache, hupasha hewa joto vizuri mno. Siku njema ya kiangazi kitako cha mawingu hufika mita 5,000 na zaidi. Kuanzia futi 18,000, yaani mita 5,486, anga ya Marekani ni ya ndege zinazofuata maelekezo ya waongozaji wa safari za anga walio ardhini, na glaida haiingii bila kibali. Ndiyo maana wengi huacha kupanda huku hewa bado ina nguvu.

*Mimi hurusha paraglaida juu ya bonde la Kerio. Nikipata mpando mkali, yaani hewa inayopanda kwa nguvu, hukaa humo hadi uishe. Rafiki yangu anasema hivyo ndivyo ninavyopoteza safari. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Iten*

Rafiki yako. Ila usianze kwa kuuliza utoke lini. Uliza kwanza mpando gani hustahili kuzunguka ndani yake.

Tuchukue glaida ya mfano yenye uwiano wa 40 kwa 1: ikishuka mita 1, imeenda mbele mita 40 katika hewa tulivu. Unahitaji kupanda mita 1,200. Mpando wa mita 2 kwa sekunde utakufikisha kwa dakika 10, na wa mita 5 kwa dakika 4. Dakika 6 zilizobaki, kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ni kilomita 16 za njia. Kwa hiyo siku ambayo mipando ya mita 5 ipo mbele, kusimama kwenye wa mita 2 ni hasara, isipokuwa uko chini na huna hakika ya kufika kwenye unaofuata. Ukiwa chini, hesabu hiyo weka kando na uchukue kinachokupandisha.

Kosa la kawaida ni kusoma kilele cha sindano ya variometa, kipimo kinachoonyesha kasi ya kupanda na kushuka. Variometa ikigusa mita 7 kwa sekunde 3 za kila mzunguko, na upande wa pili wa duara ikaonyesha sifuri, huo si mpando wa mita 7. Soma wastani wa mzunguko mzima, sekunde 20 hadi 30. Wastani ukipungua chini ya ule unaoutarajia mbele, toka. Karibu na kitako cha wingu mpando mara nyingi hulegea, na mita 200 za mwisho hula muda kuliko zote zilizotangulia. Hesabu ya kasi na mpando ilipewa sura ya kutumika angani na Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa mwaka 1956, na hadi leo kompyuta za glaida zina kitufe chenye jina lake. Weka hapo mpando unaoutarajia, si ule unaouota.

Sasa upande wa pili wa shilingi, ambao barua yako haikuutaja: panapopanda kwa nguvu, pembeni hushuka kwa nguvu. Glaida yetu ikienda kilomita 100 kwa saa hupoteza mita 0.7 kwa sekunde. Ikiingia kwenye hewa inayoshuka mita 2 kwa sekunde, inapoteza 2.7, na ule uwiano wa 40 unakuwa 10. Kuvuka kilomita 5 za hewa hiyo kunagharimu karibu mita 490. Silika ya mgeni ni kuvuta fimbo na kupunguza mwendo ili "abaki juu". Kinyume chake ndicho sahihi: sukuma hadi kilomita 150 kwa saa. Hata kama glaida yenyewe sasa inapoteza mita 1.4, kilomita zile 5 zitakugharimu mita 410 hivi, na utaokoa dakika nzima. Kwa paraglaida tarakimu ni nyingine na kasi ya ziada ni ndogo, lakini kanuni ni ile ile. Na ikiwa baada ya kilomita mbili tatu bado unashuka, geuka pembeni kwa nyuzi 30 au zaidi. Huenda umefuata mstari mzima wa hewa mbaya.

*Kwa nini rubani aliye mita 5,000 anaambiwa asifike mstari mwekundu wa kipima mwendo, wakati chini anaruhusiwa? Je, kipimo kimeharibika? — Fundi wa ndege, Muscat*

Kipimo ni kizima, ila kinapima msukumo wa hewa, na huko juu hewa ni nyembamba. Kwenye mita 5,500 uzito wa hewa ni kama asilimia 57 ya ule wa usawa wa bahari. Sindano ikisema 150, glaida kwa kweli inakwenda karibu 200. Kasi ambayo mabawa huacha kubeba haibadiliki kwenye sindano, na hapo ndipo wengi hujiona salama. Lakini mtetemo unaoweza kuvunja bawa au mkia hufuata zaidi kasi halisi. Kwa sababu hiyo glaida nyingi zina jedwali karibu na vipimo linaloonyesha kikomo kwa kila urefu. Lisome ukiwa bado chini, kwa sababu huko juu akili huwa nzito.

Duara nalo hupanuka. Ukizunguka kwa mlalo wa nyuzi 45 huku sindano ikisoma kilomita 100 kwa saa, nusu kipenyo ni mita 79 usawa wa bahari na mita 139 huko juu. Anayezunguka kwa mazoea ya chini hushangaa kuona kiini cha mpando kinamponyoka, na dawa yake ni kulaza bawa zaidi.

Kuhusu oksijeni, kanuni ya Marekani humtaka rubani aitumie anapokaa zaidi ya nusu saa juu ya futi 12,500, na muda wote juu ya futi 14,000. Kwenye White Mountains hayo ni mambo ya kila siku. Angalia shinikizo la chupa kabla ya kuvutwa angani na ndege yenye injini, vaa mrija wa puani ukiwa ardhini, na usipake mafuta ya mgando, kama Vaseline, midomoni: mafuta na oksijeni safi huwaka. Usisubiri dalili. Upungufu wa oksijeni huja na furaha, na mwenye furaha hajioni mgonjwa.

*Glaida mbili zikikutana uso kwa uso kando ya mlima, nani apishe? — Msomaji, Moshi*

Mwenye mlima kushotoni ndiye anayepisha, kwa kugeukia kulia, mbali na mwamba. Mwenye mlima kuliani hana pa kwenda.

Kugeuka kwenyewe ni daima kuelekea bondeni, kwa mchoro wa namba nane, hadi uwe juu kabisa ya ukingo ndipo uzunguke duara kamili. Ukitaka kuvuka ukingo, usiuendee moja kwa moja kwa nyuzi 90. Uendee kwa nyuzi 45 ili kuondoka kuhitaji kugeuka kidogo tu. Ongeza mwendo karibu na mwamba, na utazame ule uzi mfupi wa sufi uliobandikwa nje ya kioo. Uzi ukilala upande, ndege inateleza. Mlima hupotosha upeo wa macho, na rubani huinua pua bila kujua.

*Ni kweli glaida iliwahi kuvunjika angani huko Sierra? — Msomaji, Kigoma*

Kweli. Mwaka 1952 Larry Edgar na Harold Klieforth walipanda kwenye wimbi la Sierra, yaani hewa inayopanda na kushuka kama mawimbi baada ya upepo kuvuka safu ya milima, hadi futi 44,255 kwa glaida ya viti viwili aina ya Pratt-Read, wakiwa kwenye utafiti uliofanyika Bishop. Aprili 1955 Edgar aliingia kwenye rota, ile hewa inayobingirika chini ya wimbi, na glaida ya aina hiyo hiyo ikasambaratika. Alishuka kwa parachuti akiwa hai.

Wimbi lenyewe ni laini kama hariri. Hatari iko kwenye rota, ambayo mara nyingi lazima uipite ukiwa bado kwenye kamba ya ndege ya kuvuta. Kaza mikanda hadi iume, ondoa chupa na kamera zilizolegea, na kaa chini ya kikomo cha kasi kwa hewa yenye misukosuko kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege. Kamba ikilegea ikafanya kitanzi, usingoje ikazwe kwa kishindo. Ukipoteza kuiona ndege ya kuvuta, achia.

*Je, maji yanayobebwa kwenye mabawa hayagandi? — Msomaji, Arusha*

Hutokea. Maji, mara nyingi lita 100 hadi 200, huongeza uzito ili glaida iende kasi zaidi bila kuharibu uwiano wake, na siku ya mipando mikali yanalipa. Tatizo kubwa ni tangi dogo la mkiani, ambalo kazi yake ni kusawazisha maji ya mabawa. Vali yake ikiganda huku ya mabawa yamekwisha kumwagwa, uzito wote unabaki nyuma na ndege inakuwa ngumu kuidhibiti. Wenye busara humwaga la mkiani kwanza, wakiwa bado kwenye hewa isiyo ya baridi kali, na kama utabiri unaonyesha saa nyingi chini ya nyuzi sifuri, huliacha tupu.