Kuishi bila kuharibu mazingira ukiwa Mtwara: anza na samaki na jiko, mfuko baadaye

Dada uliyeuliza, swali lako limenigusa ndo maana nakujibu kwa urefu. Umesema umehamishiwa Mtwara kikazi, mwalimu, mshahara wa kawaida, unataka maisha yako yasiharibu mazingira kuanzia chakula, nguo mpaka matembezi ya wikiendi, ila kila ukisoma mitandaoni unakuta vitu vya bei ambavyo huku hata havipo. Na hapo juu kuna ndugu kakujibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Sio kweli. Mi napika na kuuza chakula hapa Mtwara mjini, mume wangu kwao Msanga Mkuu kwa wavuvi, na ninachokiona kila siku sokoni na jikoni ni kwamba huku kwetu madhara makubwa hayapo kwenye mrija wa juisi, yapo kwenye samaki unayemnunua na moto unaompikia. Hivyo viwili ukivishika vizuri umeshafanya kazi kubwa kuliko mtu mwenye kikapu cha elfu hamsini anayepika mkaa kutwa.

Nianze na samaki maana hapo ndo roho inaniuma.

Ukienda feri, soko la samaki, usiangalie bei tu. Kuna samaki wa mshipi, kuna wa dema (ule mtego wa kusukwa), kuna wa nyavu, kuna wa kokoro, na miaka ya nyuma pwani yetu hii ya kusini iliteswa sana na baruti. Samaki aliyepigwa baruti kwa nje anaweza kuonekana mzima kabisa, magamba yanang'aa, ila ukimpasua unakuta damu imevia tumboni, uti wa mgongo umevunjika au mifupa imeachia nyama, na nyama yenyewe laini laini inaharibika upesi. Kwa hiyo mi nikinunua naomba nipasuliwe palepale nione. Bomu moja haliui wale samaki wanaookotwa tu, linaua na vitoto vyao na linasaga matumbawe, na yale matumbawe makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, yaani mwamba uliovunjwa leo wajukuu zako ndo labda watauona umerudi. Kokoro nalo ni hivyohivyo kwa upande wake, linaburuzwa chini linang'oa majani ya baharini na linazoa vichanga ambavyo havijawahi kuzaa. Ukiona fungu la visamaki vidogo vidogo vya kila aina vimechanganyika, changu mdogo, tasi mdogo, pono mdogo, jua hapo kimepita kitu cha kuburuza. Usinunue hata kama ni rahisi.

Na usigombane na mtu. Mama anayeuza hajavua yeye. Wewe msalimie vizuri, muulize huyu katoka wapi, wa mshipi au wa nyavu, na ukishamzoea atakuambia ukweli mwenyewe na atakuwekea. Wateja wakiuliza hivyo kila siku neno linafika mpaka kwa mvuvi, hilo nakuhakikishia kwa sababu shemeji zangu wanavua na wanajua fika feri wanataka nini.

Wa kununua kwa moyo mweupe ni vibua, dagaa, hawa wanaotembea kwa makundi na kuzaliana haraka, na jodari au nguru wakati wake akishuka bei. Pono mwache baharini kama unaweza, kazi yake ni kula majani yanayoota juu ya mwamba, akiisha mwamba unafunikwa.

Pweza je? Pweza mle, tena kwa nazi, ila mjue. Huyu mnyama anaishi muda mfupi, mwaka mmoja na kitu hivi, jike anataga mara moja, analinda mayai yake bila kula halafu anakufa. Kwa hiyo ukimchukua mdogo umechukua na mayai ambayo hayajatagwa. Kanuni za uvuvi zinakataza pweza chini ya nusu kilo na hilo soko zima linalijua hata kama wengine wanajifanya hawalijui. Sasa uzuri wake anakua haraka mno, ndo maana huko Songosongo wilaya ya Kilwa wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa, wakifungua wanatoa pweza wakubwa wa maana. Faida yake unaiona mwaka huohuo, tofauti na mambo mengi ya mazingira unayoambiwa subiri miaka ishirini. Na pweza anatafutwa wakati wa bamvua maji yanapokauka sana, kina mama wanashuka miambani na fimbo zao, kwa hiyo ukitaka pweza fresh wa mikono ya wanawake fuata mwezi mpya au mwezi mpevu, siku za maji mafu, yasiyokauka sana, usihangaike.

Haya, jiko.

Mkaa unaouona umepangwa barabarani kwenye viroba unatoka kwenye misitu ya miombo huko Kilwa, Liwale, Nachingwea na kwingineko, na matanuru ya udongo ya kienyeji yanakula miti vibaya, kilo moja ya mkaa inahitaji kuni kama kilo sita mpaka kumi. Serikali ina mkakati wa 2024 mpaka 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, na taasisi kubwa kama shule zilishaambiwa ziache kuni na mkaa, kwa hiyo wewe kama mwalimu hili litakufikia na kazini.

Watu wengi huku wanadhani gesi ya mtungi ni hii yetu ya Mnazi Bay. Siyo. Ya Mnazi Bay, ile iliyogunduliwa 1982 kule Msimbati, inakwenda kwenye umeme na kwenye bomba la Dar, na baadhi ya nyumba hapa mjini zimeunganishiwa moja kwa moja kwa bomba. Ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo ukitafuta nyumba ya kupanga ulizia kama mtaa huo una bomba, ni bahati kubwa ukiipata. Usipoipata chukua mtungi, bado ni bora kuliko mkaa kwa mapafu yako na kwa msitu. Ila sikudanganyi, na gesi nayo ni mafuta ya ardhini, kwa hiyo heshima yake ni kuitumia kidogo.

Kuitumia kidogo ni hivi. Mbaazi, maharage, njugu mawe, loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga. Asubuhi chemsha kama nusu saa, sufuria ikiwa inatokota kwelikweli izime, ifunike vizuri, iingize kwenye kapu kubwa ulilolipanga maranda au matambara ya khanga za zamani pande zote mpaka juu, funga, nenda shule. Ukirudi imeiva au imebaki kidogo sana, unaichemsha tena na kutia nazi. Mi nafanya hivi kwa sufuria za biashara na mtungi unakaa muda mrefu zaidi. Wali nao unaivia humo. Hii haihitaji hela yoyote, inahitaji tu kukumbuka kuloweka.

Na hizo mbaazi ndo nyama yako. Uko kwenye mikoa inayolima mbaazi kwelikweli, Lindi na Mtwara, mmea unaovumilia jua, unarutubisha udongo, unapandwa pamoja na mahindi na miti yake ikikauka inakuwa kuni shambani. Mwaka 2017 India ilipobana kuagiza, bei ilianguka wakulima wakabaki na magunia ndani. Sisi wenyewe tungekuwa tunakula mbaazi vya kutosha pigo lisingekuwa zito vile. Kwa hiyo ukila mbaazi za nazi na ugali wa muhogo usione unakula chakula cha shida, unakula chakula chenye akili kuliko nyama iliyosafiri kutwa nzima.

Kula kwa msimu huku ni raha tu. Kuna wakati wa ming'oko, viazi vya porini, utawaona kina mama wameibeba imeshachemshwa, inachimbwa porini haijawahi kuona mbolea. Kuanzia Oktoba hivi yanaanza mabibo na hapo ndo naomba uwe mwenyeji wetu wa kweli, maana mabibo yanaoza chini ya mikorosho kwa wingi ambao ukiuona unasikitika, watu wanachukua korosho wanaacha tunda, na tunda lile lina vitamini C kuliko chungwa. Ule ukakasi unaokaba koo unapungua ukiyaloweka kwenye maji ya chumvi au ukiyapitisha kwenye mvuke kidogo, halafu unakamua juisi. Mengine kata uanike juani yakauke, yanakaa miezi. Wengine wanatengeneza uraka, pombe ya mabibo, hilo nakuachia mwenyewe.

Korosho zenyewe nunua zilizobanguliwa hapahapa, kwenye vikundi vya akina mama. Nyingi sana zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko, hela ya ubanguaji inabaki huko. Ukinunua muangalie mikono anayekuuzia, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kwa hiyo akikutajia bei usimkandamize.

Mfuko nimeusogeza huku makusudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli mitaro ilipumua, ila sasa vile vifungashio vyepesi vya nailoni vinatumika kama mifuko kimyakimya. Beba kikapu chako cha ukindu, kwa samaki beba ndoo ndogo yenye mfuniko. Basi, hilo limeisha.

Nguo sitakuchosha. Joto la huku litakufundisha lenyewe kwamba pamba ndo nguo na poliesta ni mateso. Mitumba ni sawa kabisa, nguo ambayo imeshashonwa haihitaji shamba jipya wala kiwanda kipya, ila chagua pamba, vuta mishono, usinunue kwa sababu ni buku tu halafu haivaliki. Rafiki yako mkubwa awe fundi cherehani wa mtaani kwako. Zipu, kugeuza kola, kupunguza, gauni kuwa blauzi, anaweza vyote na hela inabaki mtaani. Doti ya khanga ikichakaa inakuwa ya kulalia, kisha ya mtoto, kisha ya kukamulia nazi, kisha matambara ya lile kapu la kupikia nililokuambia.

Safari sasa. Dar na Mtwara ni kama kilomita 560, barabara ni ya lami na tangu daraja la Mkapa pale Rufiji lifunguliwe 2003 mambo ya kulala kusubiri kivuko yaliisha. Panda basi. Moshi wa kiti kimoja cha basi lililojaa ni mdogo mno ukilinganisha na kiti cha ndege, na njiani unaweza kushuka Kilwa ukalala kwenye gesti ya mwenyeji, asubuhi uvuke Kilwa Kisiwani kwa mashua ya tanga toka Masoko. Magofu yale yapo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, pitia kwanza ofisi inayosimamia magofu ukate kibali, na vigae vya vyungu na shanga utakazoziona mchangani usiokote hata kimoja, vikiondoka na historia imeondoka.

Wikiendi za karibu una Mikindani, unafika kwa daladala au baiskeli kama una pumzi, na una Msanga Mkuu kwa kivuko. Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, ilianzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba kama 650 na vijiji vimo ndani yake, watu wanaishi na kuvua humo. Lipa kiingilio bila kunung'unika. Gari lisiingie ufukweni, kasa wanataga pale. Maji yakitoka usitembee juu ya matumbawe, kanyaga mchanga. Na ukiletewa yale makombe makubwa ya kupuliza kama baragumu yamesafishwa yanang'aa, kataa kwa upole, mnyama wake ndiye anayekula wale nyota bahari wenye miiba wanaomaliza matumbawe. Hela uliyotaka kumpa mpe kwa madafu au akupikie chakula.

Ukitaka kinyago, na utataka tu ukishakaa na Wamakonde, muulize mchongaji mpingo wake umetoka wapi. Mti huo unachukua miaka sabini na zaidi kufikia kuvunwa. Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao wenyewe na walipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, wanavuna kwa hesabu na hela inajenga kijijini kwao. Mchongaji anayejua mti wake ulikotoka atakueleza bila kusita.

Kama utapanga maeneo ya Chuno au Ligula niandikie hapa, ntakuelekeza kwa mama wa samaki ninayemwamini pale feri na fundi mmoja mzuri. Na ukianza kutumia kapu, anza na kinachoiva kirahisi, utapata moyo.