Jibu: Sungura wamejaa banda, bei imeanguka

Mkuu, salamu kutoka Uyole, Mbeya. Kama nimekuelewa, una sungura 60 hapo Mafinga, ulinunua mbegu (sungura wa kuzalisha) kwa bei ya juu ukiahidiwa kwamba watoto watanunuliwa, na sasa aliyekuuzia hapokei simu. Pole sana, yalinikuta hayohayo.

Kabla ya kutangaza bei, nenda bandani leo uangalie kama madume na majike wamechanganyika. Vijana wa miezi 3 watenganishe. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, na anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Mimi nilidhani wenye mimba ni majike 5, kumbe walikuwa 9!

Halafu jiulize nani alikuwa ananunua. Kwetu tulikuwa tunauziana mbegu wafugaji kwa wafugaji, mlaji hayupo. Bei ya kware ilianguka hivyo Kenya mwaka 2014. Hata Marekani, chatu wa rangi adimu wameshuka bei kwa sababu hiyo: kila mtu akizalisha, uadimu uko wapi?

Bei ya mbegu isahau. Mimi niliwapelekea wachoma nyama wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, sungura wawili kwanza waonje bure (mke wangu alinuna wiki nzima), baadaye wakaanza kuchukua kwa kilo. Faida ndogo, ila banda lilipumua. Samadi mwaga kwenye mboga, hata ikiwa mbichi haiunguzi kama ya kuku.

Majike wako wana umri gani? Waliozidi miaka 3 ndio wa kuanza kuwatoa.