Pipi zimekuwa deni darasani

SWALI: Nafundisha Darasa la Pili, wanafunzi 68. Nilizoea kumpa pipi anayejibu vizuri. Sasa hawafungui daftari kabla ya kuuliza, "Mwalimu, leo kuna pipi?" Nifanyeje?

JIBU: Pole, Mwalimu. Mwaka 1973 huko Marekani, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliona kwamba watoto wapenda kuchora walioahidiwa cheti walipunguza kuchora baadaye. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Basi hadithi na nyimbo, wanazozipenda tayari, usizitolee zawadi kabisa.

Zawadi ibaki kwenye mazoea magumu. Gawa darasa makundi 10, kila moja na kopo lake. Kundi zima likitoa daftari ndani ya dakika 2, lipate kizibo kimoja cha soda. Vizibo 15 ni dakika 10 za rede Ijumaa. Kizibo kilichopatikana hakinyang'anywi, hata wakikosea baadaye; ukinyang'anya, kundi la nyuma hukata tamaa mapema. Kuanzia wiki ya tatu toa vizibo kwa nadra, bila kutangaza.

Na sifa itaje kazi yenyewe: "Umepanga makumi chini ya makumi." "Hongera" tupu haimwonyeshi mtoto arudie nini.