Usianze na mpingo: ushauri kwa anayetaka kujifunza kuchonga

Usianze na mpingo. Najua ndio mti uliokuvutia, maana ukipita pale Mwenge kwenye vinyago macho huangukia vile vyeusi kwanza. Lakini mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama, na ugumu wake unakwenda sambamba na uzito huo. Patasi ya kawaida ikigonga pale makali yanameguka, na wewe unayeanza huna namna ya kujua kosa ni la mkono wako, la chuma au la mti. Wengi ninaowafahamu walioacha kuchonga waliachia hapo hapo, wakiamini hawana kipaji.

Anza na mwembe. Au mwarobaini, au mfenesi ukiupata. Kwa hapa Dar miti hii haihitaji duka. Kila mara kuna mtu anapunguza mwembe uliolemea paa au unaogusa nyaya za umeme, na matawi yake huishia kuwa kuni au kuozea nje ya geti. Omba kipande chenye unene wa paja lako, ni nadra kunyimwa. Mwarobaini nyuzi zake hupishana, kwa hiyo utakusumbua kidogo kuliko mwembe, ila wadudu hawaupendi, na wenzetu wa Kenya wameutumia sana kwenye vinyago baada ya miti migumu kuadimika. Mkorosho mbichi uache kabisa, utomvu wake unababua ngozi. Msonobari nao, ule wa mbao za kupaulia, unadanganya: ni laini kwa kucha, lakini una mistari ya ulaini na ugumu iliyofuatana, na chuma kinazama kwenye mmoja kikaruka kwenye mwingine.

Mkono ukishatulia, nenda Keko kwa mafundi samani. Mabaki ya mninga na mkongo yapo mengi, vipande ambavyo havitoshi mguu wa kiti, na ukiwahi kabla havijaenda jikoni kwa mama ntilie utavipata kwa bei ya maelewano. Mninga kwangu ndio mti mtamu kuliko yote kwa mtu wa hatua ya pili. Mpingo utaufikia baadaye, na ukiufikia nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha karatasi za misitu za mzigo wake. Ni mti unaokua polepole mno, na biashara yake ya kimataifa ina masharti: tangu mwaka 2017 miti yote ya jenasi yake, Dalbergia, imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Sasa vifaa. Seti ile ya patasi kumi na mbili kwenye boksi, yenye mipini ya rangi rangi, iache hapo hapo dukani. Nusu yake hutaigusa kamwe, na nusu nyingine chuma chake ni laini. Unachohitaji ni kisu kifupi chenye mpini unaojaza kiganja, patasi bapa ya upana wa nusu inchi na bobari moja, yaani patasi yenye ncha iliyopinda kama mfereji, ya upana huo huo na mbonyeo wa wastani. Ongeza nyundo ya mti, ambayo unaweza kuichonga mwenyewe kutoka kwenye tawi la mwembe. Basi. Kila kifaa kingine kisubiri mpaka kazi yenyewe ikuambie kinakosekana.

Ukienda Kariakoo kununua, nenda na tupa ndogo mfukoni. Iguse taratibu pembeni ya patasi, karibu na ncha yenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekomaa na kitashika makali. Ikila kirahisi na kutoa unga, rudisha. Muuzaji atanuna, mwache anune. Wewe ndiye utakayekaa na hiyo patasi. Kama patasi za dukani hazikuridhishi, tafuta mfua chuma, Gerezani hawakosekani. Chungulia vifaa vya wachongaji wenye umri pale Mwenge utaona vingi vimefuliwa kwa mkono kutoka springi za gari na tupa zilizochakaa, mipini imetiwa na wenyewe. Havina sura ya kuvutia wala rangi, lakini vinakata.

Tezo vipi, kile kifaa kama shoka chenye bapa lililokaa kama la jembe? Tezo ndogo ndicho kifaa kikuu cha mchongaji wa Kimakonde. Ndiyo inayotoa umbo kwenye gogo, patasi zinakuja baadaye kumalizia. Kumwangalia mtu aliyekulia kazi hiyo ni burudani: amekaa chini, miguu ameinyoosha, gogo limeshikwa kwa nyayo, na tezo inashuka sentimita chache kutoka vidoleni bila yeye kukatisha mazungumzo. Usimuige. Yule alianza utotoni. Wewe nunua tezo ukishaelewa nyuzi za mti zinavyokwenda, na siku hiyo funga kipande kwenye meza.

Kuna mzee mmoja pale Mwenge niliyekuwa nikimtembelea mara kwa mara nilipoanza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha mkono kuomba patasi yangu kabla hata hajaniuliza shida yangu. Akaigeuza ncha kuelekea juani. "Kijana, unaona huu mstari unaong'aa?" Nikaangalia, kweli kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga ukingoni. "Makali hayaonekani. Ukiyaona, hayapo."

Maneno hayo yana fizikia ndani yake: ukingo butu una upana, na upana huo ndio unaorudisha mwanga. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mti, elekeza ncha kwenye taa. Ukiona doa linalong'aa, noa.

Kunoa ndiko kuchonga kwenyewe, na hapa ndipo ningependa utumie pesa na muda. Kinoo kizuri cha pande mbili kinafaa, lakini njia ninayoitumia nyumbani ni rahisi zaidi. Nenda kwa fundi vioo umwombe kipande kilichobaki, kinene, ukubwa wa daftari, akukwaruzie kingo zisikukate. Halafu nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji namba 400, 800, 1000 na 2000. Lowesha kioo, bandika msasa, unashika wenyewe. Laza mteremko wa patasi, yaani ule uso ulioinama kuelekea makali, juu yake mpaka ukae bapa, kisha ivute kuelekea kwako bila kuinua mkono. Kazi ya namba 400 ni kukupa kijinundu chembamba cha chuma upande wa pili, kile unachokihisi ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje. Usihamie namba ya juu kabla kijinundu hicho hakijatokea kwenye upana wote, maana utakuwa unang'arisha ubutu. Bobari unaizungusha kifundo cha mkono huku ukiisogeza, ili kila sehemu ya mbonyeo iguse.

Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao, uupake Brasso kidogo, ile dawa ya kung'arishia shaba. Vuta tu, usisukume, la sivyo utaikata ngozi yenyewe. Kisha jaribu kwenye mwembe, kwa kukata upande wa kichwa cha kipande, yaani pale nyuzi zinapoishia. Makali mazuri huacha uso unaong'aa. Butu huacha weupe uliochanika.

Kwa mti laini mteremko wa digrii 20 hadi 25 unatosha. Ukifika kwenye mkongo au mpingo panda hadi 30, vinginevyo ncha itavunjika. Na jihadhari na kijana wa mtaani mwenye mashine ya kunolea inayorusha cheche. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kwenye ncha, joto limeshakiua, na sehemu hiyo yote haitashika makali tena mpaka uisage iishe.

Kipande kinapocheza ndipo watu wanapojikata, kwa hiyo kukishika ni muhimu kuliko unavyodhani. Kama huna jiliwa, kile kifaa cha chuma cha kubania kazi mezani, kata mguu wa jinzi kuukuu, ujaze mchanga, ushone pande zote mbili. Kitu kikilazwa juu ya mfuko huo hakitelezi, na unaweza kukigeuza kila upande. Mkono usioshika chuma ukae nyuma ya makali siku zote.

Cha kuchonga kwanza? Mwiko. Ni bapa, unakufundisha kufuata nyuzi, na hata ukiharibika kidogo utasonga ugali. Ukitoka hapo usikimbilie twiga wala simba wala ule mtindo wa ujamaa wenye watu waliopandana, ambao ni kazi ya miaka. Nenda kaangalie mwana hiti, ile sanamu ndogo ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, anayopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Kiwiliwili ni mche duara usio na mikono wala miguu, juu kuna kichwa chenye mafundo ya nywele. Ukijaribu kumchonga utajifunza ulinganifu, shingo, na kuacha mti bila kuugusa, na yote hayo kwa patasi bapa na kisu tu. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ni mahali pazuri pa kuanzia kuangalia kazi za zamani.

Mti mbichi hukatika kirahisi, ila hupasuka ukikauka haraka, na vichwa vya kipande ndivyo hukauka kwanza. Vipake gundi nyeupe ya mbao au rangi ya mafuta siku hiyo hiyo, kisha weka kipande kivulini. Ukiweza, epuka kile kiini chembamba cha katikati ya tawi. Mipasuko mingi huanzia hapo. Kinyago ulichokichonga kwenye unyevu wa Dar kikihamia ofisi yenye kiyoyozi kinaweza kulia "ta!" usiku na kupasuka, kwa hiyo mwambie mteja asikiweke mbele ya hewa ya baridi.

Kumalizia kusikutishe. Msasa 120, 240, 400, kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Rangi ya viatu waachie wanaogeuza mti mweupe kuwa "mpingo" kwa ajili ya watalii. Kitambaa kilicholowa kinawaumbua. Vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo vaa barakoa hata kama unachongea kibarazani, na nguo za kazi zifue peke yake.