Kosa ni kukosekana kwa ridhaa, si uchi

Mmeuliza kama Uganda inahitaji sheria mahususi dhidi ya wanaosambaza picha za faragha za watu bila ridhaa yao, zikiwemo picha bandia zinazoundwa kwa akili mnemba. Inaihitaji sana, mradi sheria hiyo itamke wazi kwamba kosa ni kukosekana kwa ridhaa, wala si uchi wa mtu.

Nasisitiza hivyo kwa sababu Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014 ilisimama juu ya msingi tofauti. Iliharamisha picha yenyewe, kwa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10, na wanawake waliosalitiwa na watu waliowaamini wakajikuta wao ndio wanaotishiwa kukamatwa. Mwanamke wa namna hiyo angewezaje kwenda kituoni kushtaki? Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vyake vikuu mwezi Agosti 2021 ilitenda haki, ingawa kufuta sheria mbaya hakukumpa mwathirika sheria njema.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia: sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayesambaza picha ya faragha ya mwingine. Uingereza, kwa Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023, imejumuisha pia picha bandia, kwa kuwa aibu na hofu anayoipata mhusika haipungui eti kwa sababu kamera haikuwapo. Hata hivyo, ninachokitamani zaidi ni kipengele cha sheria ya Marekani iliyotiwa saini Mei 2025, kinachozitaka kampuni za mitandao ziondoe picha hizo ndani ya saa 48 baada ya mhusika kuziarifu. Kifungo huja baada ya kesi ndefu, ilhali picha hufika kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa na ya kazini kabla ya jua kuzama.

Wabunge wetu waandike tafsiri finyu ya kosa hili. Kifungu cha 25 cha Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, kilibatilishwa Januari 2023 kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, na maneno ya namna hiyo ni rahisi kugeuzwa dhidi ya wakosoaji wa serikali. Tena kesi hizi zisikilizwe faraghani, na askari anayepokea malalamiko akatazwe, kwa adhabu, kuionyesha picha hiyo kwa wenzake wasiohusika na upelelezi.