Kufuta mabaki ya mtumiaji aliyetangulia

Umeuliza kwa nini mtu akiketi kwenye kompyuta ya pamoja anakuta barua pepe ya aliyemtangulia iko wazi, ilhali kivinjari kilifungwa. Kufunga dirisha hakumtoi mtu kwenye akaunti. Vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti hutumia kukumbuka kuwa mtu ameingia, vinabaki kwenye diski.

Kwanza ondoa akaunti ya mtu huyo kwenye kivinjari. Usiruke hatua hii hata kidogo: usawazishaji (data ya akaunti kulinganishwa kwenye vifaa vyote vya mtu) ukiwa umewashwa, nywila utakazofuta hapo zinaweza kufutika hadi kwenye simu ya mwenyewe, na huyo hana kosa lolote. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Delete, iwe Chrome, Edge au Firefox, ufungue dirisha la kufuta data. Angalia sana kipindi cha muda kitakachofutwa. Mara nyingi kinakuja kimewekwa saa 1 iliyopita, kwa hiyo mambo ya tangu asubuhi yanabaki vilevile. Chagua muda wote, weka alama kwenye vidakuzi, historia na data ya fomu, na nywila pia kama zimo kwenye orodha; kwenye Firefox nywila zilizohifadhiwa hazimo hapo, zifute kwenye sehemu yake ya nywila.

Faili zilizopakuliwa hazifutiki kwa njia hiyo. Zifute kwenye folda ya vipakuliwa, halafu umwage pipa la taka.

Kwenye Windows bonyeza pia kitufe cha Windows pamoja na V. Kama historia ya kunakili (orodha ya maandishi yaliyonakiliwa) imewashwa, utakuta nywila ya mtu imelala pale, inasomeka. Futa zote, ila vilivyowekewa alama ya pini viondoe kimoja kimoja.

Ukichoka kurudia haya, waelekeze watu watumie hali ya mgeni ya Chrome, ambayo hufuta historia na vidakuzi madirisha yake yote yakifungwa. Vipakuliwa bado utafuta mwenyewe.