Kutazama ndege Nairobi bila darubini wala gari

Umeuliza kama mtu wa kawaida hapa Nairobi, asiye na darubini wala gari, anaweza kutazama ndege, au hayo ni mambo ya watalii. Anaweza kabisa. Nenda Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi, uwe umefika kufikia saa tatu kasorobo. Hapo hukutana kundi la Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, kwa matembezi ya kutazama ndege. Matembezi hayo aliyaanzisha mwanamazingira Fleur Ng'weno mwaka 1971, na wageni bado wanakaribishwa. Wakienda mbali, wenye magari huwabeba wasio nayo.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Kulikuwa na ndege kwenye ua wa jirani aliyepiga mluzi kila nikirudi kulala, nikataka kumjua. Kundini nikamwigiza. Mama mmoja mtu mzima akaniambia papo hapo: huyo ni tiva, tena si mmoja, ni wawili. Dume na jike hupokezana upesi mno, ukiwa mbali unadhani ni sauti moja. Akanisimamisha katikati yao, mmoja kushoto, mwingine kulia kwenye kichaka, mpaka nikasikia wimbo unakatika na kuungwa. Sasa nikirudi kazini silali kabla sijawasikiliza.

Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, nako nikaonyeshwa ndege aitwaye shorobo. Akitulia tawini ni kijani tupu, jicho linampita. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu kama damu! Mwanafunzi mmoja alinieleza kwamba wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, akanipa darubini yake kabla hata hajaniuliza jina.

Kwa hiyo usikimbilie kununua. Ukiwa tayari, tafuta ya 8x42, yaani inayovuta mara nane, lenzi za mbele zikiwa na upana wa milimita 42. Zile za kuvuta sana hutikisika mkononi.

Lakini kilichonibakiza ni watu. Mstaafu, dereva wa watalii, mwanafunzi, wote mmeinua shingo chini ya mti mmoja, hakuna anayeulizwa cheo. Baba alipofariki, hao wa Jumatano walifika matangani kijijini na mchango wao, wakakaa nasi mpaka jioni. Siwezi kulisahau hilo.

Ukiweza, anza kati ya Oktoba na Aprili, mbayuwayu na ndege wengine wanaohama kutoka Ulaya na Asia wakiwa huku. Beba maji na kofia, na ukifika sema wewe ni mgeni. Kama siko zamu nitakuwepo, tutatumia darubini yangu.